Kufungua si kuvunja

Tumezoea kuwasifu wanaojenga. Mgonjwa akianza kunenepa tunasema mwili wake umerudi, na madaftari ya wanafunzi wetu yamejaa sentensi isemayo kwamba protini hujenga mwili. Sentensi hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwili unaojua kujenga tu na usiojua kubomoa haungeweza kukua wala kuponya jeraha, na mama hangeweza kurejea hali yake baada ya kujifungua. Katika makala haya ninakusudia kueleza habari za chombo kimoja cha kubomoa kilichomo ndani ya kila mmoja wetu: jinsi kilivyogunduliwa, kazi kifanyayo, na makufuli ambayo maumbile yamekitia. Ninakusudia pia kuonyesha kwa nini habari hizi zinawahusu wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kutoka Pumwani hadi Kayole, ambako maradhi ya kifua kikuu yangali yanabisha hodi.

Mimi ni mwanaisimu, wala si tabibu. Nimeingia katika uwanja huu kwa mlango wa lugha. Mwalimu mmoja wa Biolojia katika shule ya upili ya Eastlands alinialika nizungumze na wanafunzi wake juu ya istilahi za sayansi kwa Kiswahili. Nilipomaliza, msichana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliinuka akauliza: 'Mwalimu, ni nini hasa kinachotoboa pafu la mgonjwa wa kifua kikuu? Vijidudu vina meno?' Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa zito kuliko kicheko. Jibu lake, ambalo wataalamu wamelithibitisha katika karne hii tu, ni la kushangaza: vijidudu havina meno, meno ni yetu wenyewe.

Ili tulielewe jibu hilo, natutazame kwanza lugha yetu. Kiswahili kina kauli ambayo wanaisimu huiita kauli ya kutendua. Kitenzi funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, panga huzaa pangua. Kila kimojawapo hurudisha nyuma tendo lililotangulia. Msomaji atambue kwamba kutendua si kuharibu. Afunguaye mlango hauvunji. Mlango ule ule waweza kufungwa tena jioni. Avunjaye mlango naye ameupata upenyo, ni kweli, lakini nyumba imebaki wazi kwa kila apitaye. Tofauti hii ya fungua na vunja, ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, ndiyo ufunguo wa sayansi tutakayoieleza.

Chombo chenyewe ni kimeng'enya, neno lililotokana na kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kuwa vipande vidogo. Wanafunzi wanavijua vimeng'enya vya tumboni vinavyosaga chakula. Hiki cha leo hakikai tumboni. Hutengenezwa na seli za ngozi, za mapafu, za maungo na za damu, na hutolewa nje ya seli ili kikate kiunzi kinachozishikilia. Maana seli za mwili hazielei ovyo. Zimeshikwa na kiunzi cha protini, kama vile matofali yashikwavyo na saruji na nondo. Nondo za kiunzi hicho huitwa kolajeni, na peke yake ni karibu theluthi moja ya protini zote za mwili wa binadamu. Ngozi, mifupa, kano na kuta za mapafu husimama kwa sababu yake.

Kolajeni ni ngumu kukatika kwa sababu ya umbo lake. Ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani, na vimeng'enya vya kawaida haviwezi kupenya katikati ya msokoto huo. Moto unaweza. Aliyewahi kunywa supu ya miguu ya ng'ombe katika soko la Burma anajua kwamba miguu hiyo hutokota saa nyingi, na kwamba supu ikipoa hugandamana na kuwa kama jeli. Jeli hiyo ni kolajeni iliyosokotoka kwa moto. Basi swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa hili: mwili, ambao hauna jiko wala sufuria, huisokotoa vipi kamba hiyo katika joto lake la nyuzi 37 tu?

Jibu lilipatikana mwaka 1962 katika mji wa Boston, Marekani, na aliyelifichua alikuwa kiluwiluwi. Kila mtoto aliyechezea vidimbwi vya mvua anajua kwamba kiluwiluwi huwa na mkia, na kwamba akigeuka chura mkia hutoweka. Hauanguki chini, humezwa na mwili wenyewe. Jerome Gross wa Marekani na mwenzake Charles Lapière, aliyetoka Ubelgiji, walijiuliza kolajeni ya mkia huo huenda wapi. Watangulizi wao walikuwa wamesaga nyama za wanyama na kukitafuta kimeng'enya ndani yake wasikione. Gross na Lapière walifuata njia nyingine. Walichukua vipande vya mkia vilivyo hai, wakaviweka juu ya utando wa kolajeni, wakavitunza visife. Pembeni mwa kila kipande utando ule uliyeyuka.

Hapo pana funzo. Kimeng'enya hakikuonekana katika nyama iliyosagwa kwa sababu mwili hauweki akiba yake kama wekavyo mafuta. Seli hai hukitengeneza pale kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, kisha huacha. Waliotafuta ghala hawakupata kitu, kwa kuwa ghala halikuwako. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, chombo cha namna hiyo kilikuwa kimepatikana katika ngozi ya binadamu na katika maungo ya wagonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1986 jeni yake ikasomwa. Wataalamu wamekiita kolajenezi, na katika orodha yao kimepewa alama ya MMP-1, yaani wa kwanza katika ukoo wenye vimeng'enya 23 vya binadamu. Ukoo mzima una sifa moja: katikati ya kila kimeng'enya mna chembe ya madini ya zinki, nayo ndiyo makali ya kisu.

Ukataji wake ni wa kiasi. Kolajenezi haikatikati ovyo kama panga kichakani. Huishika kamba ya kolajeni mahali pamoja maalumu, kiasi cha robo tatu ya urefu wake, ikakata hapo tu. Vipande viwili vilivyobaki haviwezi tena kustahimili joto la mwili. Hujisokotoa vyenyewe na kuwa jeli ile ile ya supu, ndipo vimeng'enya vingine vya ukoo huo huja kumalizia. Pigo moja, mahali pamoja, na kamba nzima imefunguka. Huko ndiko kutendua.

Manufaa yake ni mengi. Mtu akijikata, seli za ngozi zilizo ukingoni mwa jeraha huhitaji kutambaa ili zikutane katikati. Nazo hutoa kolajenezi ijikatie njia katika kolajeni ya jeraha. Tena twende Pumwani, katika hospitali ya wazazi ambayo imewapokea watoto wa Nairobi tangu 1926. Mama akitoka kujifungua, tumbo lake la uzazi huwa na uzito wa kilo moja hivi. Baada ya wiki sita huwa limerudi chini ya gramu 100. Kilo ile haikutolewa kwa kisu cha daktari. Imefunguliwa taratibu kwa vimeng'enya vya mwili wenyewe, na huu ukoo wa MMP umo miongoni mwao. Mifupa ya mtoto nayo hairefuki ila kwa kubomolewa hapa na kujengwa pale.

Sasa msomaji mwangalifu atauliza: ikiwa kila mtu amebeba kisu kiwezacho kuyeyusha nondo za mwili wake, mbona hatuyeyuki? Swali hilo ndilo lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi baada ya ugunduzi, na jibu lake ni makufuli manne.

Kufuli la kwanza ni la jeni. Katika seli iliyotulia, jeni ya kolajenezi karibu imenyamaza. Huamshwa na ujumbe wa kikemikali utumwao na seli za kinga panapotokea jeraha au maradhi. Kufuli la pili ni la kisu chenyewe. Kimeng'enya hutoka katika seli kikiwa ndani ya ala: sehemu ya mwili wake hujikunja na kuiziba ile chembe ya zinki, kikashindwa kukata chochote. Mwaka 1990 Harold Van Wart na Henning Birkedal-Hansen waliieleza ala hiyo kwa uwazi: kipande kimoja kidogo chenye salfa kimeishika zinki kama kizibo mdomoni mwa chupa. Kufuli la tatu ni kwamba ala hiyo haichomoki yenyewe. Sharti vije vimeng'enya vingine viikate, kila kimoja kikiwa nacho chini ya ulinzi wake. La nne ni walinzi. Mwili hutengeneza protini nne ziitwazo TIMP, na mlinzi mmoja hukikamata kisu kimoja na kuyaziba makali yake. Na katika damu imo protini nyingine kubwa inayokinasa kimeng'enya kama dema linasavyo samaki.

Kwa muhtasari: amri ya kutengeneza, ala, kibali cha kuchomoa, na mlinzi wa kusimamisha. Wakazi wa Eastlands wanaojua tofauti ya fundi anayebomoa ukuta ili aongeze chumba na tingatinga lijalo usiku bila barua hawatahitaji maelezo marefu. Ubomoaji si adui wa nyumba. Adui ni ubomoaji usio na kibali.

Turejee basi kwa swali la msichana wetu. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huingia katika pafu kwa pumzi. Seli za kinga hukizunguka na kukifungia. Watu wengi hubaki hivyo maisha yao yote, kijidudu kikiwa kifungoni nao wakiwa wazima. Kwa wengine kifungo huvunjika. Seli za kinga, zikichokozwa na kijidudu, hutuma ujumbe mwingi mno, seli za pafu hupokea ujumbe huo na kutoa kolajenezi kwa wingi, walinzi huzidiwa. Nondo za pafu hukatwa, nyama hufa, na panabaki shimo. Kufungua kumegeuka kuvunja.

Jambo hili lilikawia kujulikana kwa sababu ya panya. Maabara za dunia zilijifunza kifua kikuu kwa kutumia panya wa kawaida, na mapafu ya panya hao hayatoboki kama yetu, maana hawana kolajenezi ya kufanana sawasawa na MMP-1 ya binadamu. Mwaka 2011 Paul Elkington, Jon Friedland na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti wao. Katika makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu MMP-1 ilikuwa imezidi mno. Kisha walichukua panya waliotiwa jeni ya MMP-1 ya binadamu, wakawaambukiza, na kolajeni ya mapafu ya panya hao ikabomoka. Ushahidi mwingine madaktari walikuwa nao siku nyingi bila kuujua maana: wagonjwa ambao kinga yao imedhoofishwa sana na virusi vya UKIMWI huugua kifua kikuu vibaya, hata kufa, lakini mapafu yao hutoboka mara chache zaidi. Kinga ikidhoofu, mkono unaochomoa kisu nao hudhoofu.

Shimo hilo si balaa ya mgonjwa peke yake. Ndani yake mna hewa, mna vijidudu kwa mamilioni, na mlango wake umeelekea katika njia ya pumzi. Kila kikohozi huvitoa nje. Kwa hiyo mwenye shimo pafuni ndiye mwambukizaji mkubwa, na chumba kimoja cha orofa ya Huruma au Pipeline, chenye watu sita na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani, ndicho mahali ambapo kikohozi hicho hufanya kazi yake. Seli, pafu, chumba na mtaa vimeshikana kama nyuzi za kamba moja.

Je, hakuna dawa ya kukizuia kimeng'enya? Ilijaribiwa, si kwa kifua kikuu bali kwa saratani, kwa kuwa saratani nayo hutumia visu hivi kujikatia njia mwilini. Katika miaka ya 1990 makampuni ya dawa yalitengeneza vizuizi, marimastat kikiwa mashuhuri kati yavyo, vilivyoziba makali ya karibu ukoo wote wa MMP bila kubagua. Wagonjwa wengi walipata maumivu na ukakamavu wa maungo, na saratani haikushindwa. Waliofunga kila mlango walikuta wenye nyumba nao wamefungiwa. Kilichofaulu ni kidogo na cha unyenyekevu: mwaka 1998 Marekani iliidhinisha doksisaiklini, dawa ya zamani ya kuua bakteria, itumiwe kwa kipimo kidogo cha miligramu 20 kutuliza vimeng'enya hivi katika ugonjwa wa ufizi. Mwaka 2021 watafiti wa Singapore walieleza jinsi walivyowapa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu dawa hiyo kwa siku 14 pamoja na dawa zao za kawaida. Vimeng'enya vilipungua na mashimo ya mapafu yakapungua ukubwa. Jaribio lilikuwa la watu 30 tu. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akakimbilia dukani kununua doksisaiklini. Atajidhuru, na kifua kikuu kitabaki pale pale.

Dawa ya kweli tunayo, na eneo letu lilishiriki kuipata. Hadi miaka ya 1960 mgonjwa alimeza dawa na kudungwa sindano kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Kuanzia 1970 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yaliendesha majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yaliyochapishwa 1972 yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwa dawa za awali, miezi sita yatosha. Msingi wa tiba itumikayo leo duniani uliwekwa na miili ya watu wetu, na dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Kenya. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta watu 558 wenye kifua kikuu cha mapafu miongoni mwa kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na wengi wa waliokuwa na dalili hawakuwa wametafuta matibabu.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Mabango ya afya yanatuhimiza tuende hospitali tukikohoa wiki mbili. Ni amri njema, lakini ni amri isiyo na sababu, na kijana wa Eastlands, aliyezaliwa penye amri nyingi, hujua kuzipuuza. Mwambie sababu. Mwambie kwamba dawa huua kijidudu lakini haijengi upya pafu lililokwisha kubomolewa. Mtu aweza kupona kabisa kifua kikuu akabaki na kovu litakalomkatia pumzi kila apandapo ngazi. Mwambie kwamba kila wiki ya kungoja ni wiki ya kisu kilicho nje ya ala. Mwambie pia kwamba anayeacha dawa baada ya mwezi kwa kuwa amepata nafuu amewaacha vijidudu waliobaki wachokoze upya. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pafu ukuta huo haujengeki tena kama ulivyokuwa.

Haya yote yamesemwa hapa kwa Kiswahili, na msomaji ameyafuata. Nasisitiza hilo kwa sababu Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu za upili, na mwanafunzi aliyepata alama za juu katika somo la vimeng'enya hurudi nyumbani akashindwa kumweleza nyanya yake kwa nini asiache vidonge. Anayo maarifa, lakini yamefungiwa katika ala. Kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, maneno tunayo. Lililobaki ni mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Biolojia kuketi meza moja, watoe insha moja kwa muhula ambayo mwanafunzi ataiandika kana kwamba anamsimulia mzazi wake jikoni.

Jina kifua kikuu latuambia maradhi yako wapi; halituambii yafanyaje. Kazi hiyo ya pili ni ya shule. Mtoto atakayeweza kueleza nyumbani jinsi kisu cha mwili kinavyofunguliwa na kinavyofungwa, huyo ndiye atakayemshika mkono baba yake anayekohoa na kumpeleka kituoni kabla shimo halijachimbwa.